Sauti ya Kumjibu Mkwe

Koo langu lilipoanza kunigomea, kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa wangu. Mwalimu mkuu aliuita uvivu. Mke wangu aliuita vumbi la chaki. Jirani yetu, mzaliwa wa Pwani asiyeishiwa utani, alisema ni ugonjwa wa watu wa bara wakifika Dar na kuvamia maji ya friji, akaniletea tangawizi mbichi na kuniamuru niitafune bila kukunja uso. Nilitafuna. Nikasukutua maji ya chumvi, nikalamba asali na ndimu, nikajifukiza majani hadi watoto wakalalamika kwamba nyumba inanuka kama sufuria ya chai. Asubuhi nilikuwa naamka na sauti, nyembamba lakini ipo. Ikifika saa sita mchana, kabla hata sijakanyaga darasani, ilikuwa imeshakwaruza, na jioni nilibaki na upepo tu. Hilo la kabla ya darasani sikulitilia maanani, na hakuna aliyeniuliza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Shule yetu ilikuwa na zamu mbili, na miaka hiyo nilishika zamu ya mchana, darasa la tatu, watoto wamebanana kwenye madawati mpaka wa pembeni anaandika amekalia nusu ya makalio. Darasa kama hilo huliongozi kwa macho. Nilijaribu. Nilianza kuandika kila kitu ubaoni, nikawa napiga makofi badala ya kuita, nikamteua mtoto mmoja mwenye koo la shaba asome kwa niaba yangu. Siku moja mwalimu mkuu akapita dirishani, akasimama, kisha akaniita pembeni.

"Mwalimu, unafundisha au unaigiza bubu?"

Nilimweleza kwa kunong'ona. Akasema kama ni ugonjwa basi daktari auseme, na kama si ugonjwa atatafuta mtu wa kushika lile darasa. Sikumchukia, maana hata mimi ningemshangaa mwalimu wa namna hiyo. Lakini niliogopa. Sina kazi nyingine ninayoijua, na mwalimu asiye na sauti ni mtu wa kawaida tu aliyevaa shati lililonyooshwa.

Nyumbani kwetu ni Madale, huku juu kwenye vilima ambako maji huja yakijisikia. Mke wangu anauza ndizi kwa jumla sokoni Mabibo. Anatoka kukiwa bado na giza na kurudi alasiri, miguu imevimba. Watoto wetu walikuwa zamu ya asubuhi. Kwa hiyo kila asubuhi tulibaki watu wawili nyumbani, mimi na mama mkwe wangu.

Hapo ndipo penye habari yangu. Kwetu bara, mwanaume na mama mzaa mke wake hawakaribiani. Hampeani mikono, hamkai benchi moja, humtazami usoni, na mkikutana kwenye njia nyembamba ni wewe unayeingia majanini. Zaidi ya yote, humpazii sauti. Jirani yetu alipoyasikia haya alicheka hadi akakaa chini. "Nyie watu wa bara mna kazi! Sie mkwe wetu tunakula naye sinia moja, tunamwibia hadi mnofu." Nilimjibu kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake, tukayaacha. Lakini moyoni nilimwonea wivu.

Mama mkwe alikuja baada ya kufiwa na mumewe. Alikuja kupumzika kidogo, na kidogo hicho kikarefuka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila hawakusema nani wa kumpa mkwe jembe. Wala hakuwa mzigo. Alikuwa mwanamke safi, mkimya kwa wengine, anayeamka mapema na kufagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Shida ilikuwa moja: masikio yake yalikuwa yamekufa karibu yote. Binti yake alimletea kifaa cha kusikilizia, akakivaa asubuhi moja, akakitoa na kukifunga kwenye pindo la kanga akisema kinampigia kelele za popo. Tangu hapo hatukukiona tena.

Sasa fikiria asubuhi zetu. Yeye yuko kwenye kigoda chake upande wa jikoni, nje. Mimi niko barazani upande wa pili, nasahihisha madaftari. Kati yetu kuna uwanja mzima, na ndivyo inavyotakiwa.

"Baba," ananiita, "maji yamekuja?"

"Bado, mama."

"Eti?"

"Bado, mama!"

"Yamekuja?"

Hapo napaza. Lakini unampaziaje mkwe sauti? Nilikuwa nainamisha macho chini, naweka uso wa upole, nainua mabega, kisha naisukuma sauti itoke kwa nguvu na wakati huohuo naizuia isije ikawa ukali. Ilikuwa ni kupiga kelele kwa adabu. Mtu akitaka kujua ugumu wake, ajaribu kukimbia huku akitembea. Na maswali hayakuisha. Maji yamekuja? Umeme upo? Binti yangu amefika salama? Nani huyo amepita? Watoto wamekula? Kwako leo kumekuchaje? Nikimaliza hili anasubiri kidogo, kama mtu anayesikiliza mvua, kisha anauliza lingine. Kuna asubuhi nilijifungia chooni na madaftari yangu ili tu nisiulizwe kitu. Nilimchoka. Nilimheshimu na nilimchoka, na vyote viwili vilikuwa kweli.

Daktari wa kwanza alinipitisha kamera nyembamba puani hadi kooni, yenye taa inayomwekamweka, na kupitia taa hiyo akaziona nyuzi zangu za sauti zikicheza polepole. Alinionyesha na mimi. Zilikuwa mbili, nyeupe, zinafunguka na kufunga bila tatizo. Hakuna kidonda, akasema, hakuna kinundu, wekundu kidogo tu. Nilirudi shuleni na habari hiyo, na mwalimu mkuu akaipokea kama mtu aliyeshinda kesi. "Si umeona?" Alinipa hadi mwisho wa muhula.

Niliporudi kwa daktari kumwambia kwamba sauti inazidi kukatika, alinielekeza kwenye kliniki ya Mikocheni ambako yupo mtaalamu anayepima namna nyuzi za sauti zinavyotetemeka. Mke wangu alipojua kuwa palepale wanatazama na masikio, akaona asiiache nafasi hiyo. Alimwambia mama yake kwamba tunakwenda kumsindikiza mgonjwa. Tukaenda watu watatu, mke wangu katikati kama kawaida.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa dada mmoja wa mjini, mchangamfu, mwenye miwani mikubwa. Nilimweleza ya mwalimu mkuu, nikamwambia ukweli wangu: "Dada, leo ukiniambia sina kitu, mimi sina kazi."

"Ticha, mie sisemi kitu. Mashine ndo itasema."

Mke wangu alikuwa amempeleka mama yake chumba cha pili akasafishwe masikio. Dada akanifunga mkanda shingoni, wenye visahani viwili vidogo vya chuma, kimoja kila upande wa koromeo. Alinieleza kwamba umeme mdogo sana, ambao sitausikia, unapita kutoka kisahani hiki kwenda kile. Nyuzi zikigusana umeme unapita vizuri, zikiachana unapungua, na kompyuta inachora mawimbi ya huko kugusana na kuachana. Kamera inaonyesha sura ya nyuzi, akasema. Mkanda unaonyesha tabia zao.

Akaniambia niseme "aaa", kisha "iii", kisha nihesabu kwa sauti yangu ya kawaida. Nikatoa sauti yangu ya hospitali, ile ya chini ambayo kila mmoja wetu huitoa mbele ya koti jeupe. Mawimbi yakapita kwenye kioo, madogo, yamepangana vizuri kabisa. Dada akatikisa kichwa.

"Sasa niitie lile darasa lako. Kama wanakusumbua kweli."

Nilichungulia mlangoni nikahakikisha mkwe bado yuko chumba cha pili. Kisha nikawaita wale watoto wote. Nadhani hata walinzi getini walinyamaza. Mawimbi yakawa makubwa, marefu, na bado yamepangana, nyuzi zinagongana na kuachana kwa wakati wake.

"Unaitaga vizuri, ticha. Koo limefunguka. Inakwaruza kwa kuwa imeshachoka, lakini hapa sioni ishu."

Sijawahi kutamani ugonjwa kama nilivyoutamani pale. Watu huomba waambiwe ni wazima, mimi niliomba nionekane mbovu, na mashine ikakataa. Nilimwona mwalimu mkuu akiniambia si umeona kwa mara ya pili. Nikaanza kuwaza jinsi ya kumwambia mke wangu, na kama naweza kubeba mikungu ya ndizi kwa umri huu. Nilichoka hata kukaa kwenye kile kiti.

Wakati huo wakarudi. Mke wangu alimkalisha mama yake kwenye kiti cha karibu na mlango, mbali na mimi inavyostahili, akatoka kwenda dirisha la dawa kuchukua matone ya masikio. Dada alikuwa ameshaweka mkono kwenye kifungo cha mkanda ili anivue. Mama mkwe akainua shingo.

"Baba, wanasemaje?"

"Wanasema mimi mzima, mama."

"Eti?"

"Mimi mzima, mama!"

"Wamekuzima?"

Nikainamisha macho, nikaweka uso wa upole, nikainua mabega. "Wanasema sina ugonjwa, mama!"

Mkono wa dada uliachia kifungo. Alikuwa anatazama kompyuta, si mimi.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulivyomjibu bibi. Mwambie tena vilevile. Usiitazame hii kompyuta, mtazame bibi."

"Simtazami," nikasema. "Ni mkwe wangu."

Alinishangaa kidogo, lakini akasema basi nimjibu hivyohivyo bila kumtazama. Nikajibu. Mama mkwe akauliza tena, nikajibu tena, na kwa mara ya kwanza nikaona kwa macho yangu kile nilichokuwa nakifanya kila asubuhi. Mawimbi yalipanda yakaganda juu. Nyuzi zilikuwa zinakutana kwa kubamizana na kugoma kuachana, zikiachana ni kwa kitambo kidogo tu, kisha zinabanana tena. Nilipofika neno la mwisho mpangilio wote ulivurugika, kama mwandiko wa mtoto aliyesukumwa kiwiko.

"Darasani unafungua koo unaita," dada akasema. "Hapa unaita huku umejikaba mwenyewe. Ukiwa hivi hata kwa dakika chache unazichosha kuliko kipindi kizima. Unaongeaga naye hivi mara nyingi?"

"Kila asubuhi. Mpaka naondoka kwenda kazini."

"Ticha! Basi darasa linamalizia tu kilichobaki." Alianza kucheka, akaniona uso, akaacha. "Sasa kwa nini usisogee ukaongea naye karibu?"

Nikamweleza. Yeye kwao wameshasahau mambo hayo, lakini alisikiliza hadi mwisho, mkanda ukiwa bado shingoni kwangu. Kisha akaniambia bila kuzunguka. Vinundu havijaota, na hiyo ni bahati. Nikiendelea hivi vitaota, na hapo ama ni kisu, ama ni kuishi na mkwaruzo. Atanipa mazoezi, nipulizie mrija kwenye glasi ya maji huku naguna, asubuhi na jioni. Lakini mazoezi ni kazi bure kama nitaendelea kujikaba. Nikiwa nyumbani, nisimjibu mtu yeyote aliye mbali zaidi ya mkono wangu unapofika. Na kuhusu kazini, yeye na daktari watayaeleza kwa maandishi.

Nilipaswa kufurahi. Ugonjwa ulikuwa umepatikana, mwalimu mkuu angenyamaza. Lakini dawa yenyewe ilikuwa imekaa pale mlangoni, imefunga kanga vizuri, na kwa mila zetu mkono wangu haukuruhusiwa kuifikia.

Mke wangu akarudi, dada akamweleza yote. Mama yake akauliza tena, "Wanasemaje?" Nilimkonyeza mke wangu amdanganye, aseme ni chaki. Hakudanganya. Aliinama akamsemea sikioni, taratibu, muda mrefu. Mama mkwe alisikiliza akitazama sakafu. Alipomaliza kuambiwa, aliikaza kanga yake, akainuka, akatangulia mlangoni.

Kesho yake asubuhi hakuuliza kitu. Wala keshokutwa. Alifagia, akakaa kwenye kigoda, akatazama vilima. Mimi nilipuliza mrija wangu kwenye glasi na kusahihisha madaftari. Sauti ilianza kurudi. Ikafika siku nikamaliza zamu nzima na bado nikaweza kumwita mwenye duka ng'ambo ya barabara. Mwalimu mkuu alinipa pole yenye nusu ya samahani ndani yake. Nilikuwa nimepata kila nilichokuwa nakihitaji, na bado nilikuwa nafika nyumbani nimechoka vilevile, maana ukimya wa mtu aliyenyamaza kwa ajili yako si mahali pa kupumzikia.

Kisha mke wangu akaniambia mama anataka kurudi kijijini. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa nafuu. Cha pili kilikuwa aibu, na hicho kilikaa zaidi. Kule hakukuwa na mtu, ni nyumba imefungwa na kaburi uani. Safari hiyo, niseme mapema, hakuifanya.

Jumapili baada ya kanisa alitukuta tumekaa, akasimama palepale panapomstahili, akamwambia binti yake, ila kwa sauti ya kunifikia mimi: "Kabla sijaenda popote, huyu bwana anitolee mbuzi wangu."

Mke wangu aliziba mdomo. Kwetu, umbali kati ya mtu na mkwe wake una mwisho wake. Mwanaume hutoa mbuzi mbele ya wazee, mama mkwe hulishwa ini kwa mkono wa mkwewe, na kuanzia hapo wanaweza kukaa pamoja kama mama na mtoto. Sisi hatukuwahi kufanya. Tulipooana tulisema mwakani, tukahamia mjini, wazee wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na hakuna mkwe mwenye haya zake anayedai mbuzi huyo kwa kinywa chake. Yeye alidai. Aliziweka kando haya zake mwenyewe, kwa ajili ya koo langu.

Mzee mmoja tu wa ukoo wao alikuwa amebaki. Tulimpigia simu tukaiweka spika juu ya meza, akabariki huku akikohoa na kulalamika kwamba nyama hataipata. Jirani yetu ndiye aliyechinja, ili na yeye ale, na akajipa mwenyewe cheo cha mzee wa upande wangu bila kuombwa. "Leo nimekuwa mtu wa bara," alisema, "nileteeni na mgolole wa kujifunga begani."

Nililichukua ini sahanini. Nilikuwa nimeishi naye nyumba moja na sikuwahi kuuona uso wake kwa karibu. Nikamlisha, akatafuna polepole, akameza, kisha akagonga benchi kwa kiganja, pale pembeni yake. Nikakaa. Bega langu likagusa bega lake, jembamba kuliko nilivyodhani. Akaligeuza sikio lake lenye uhai kidogo, akalisogeza hadi karibu na mdomo wangu.

Nilisema kilichokuja. "Shikamoo, mama."

Alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Akaniambia nirudie. Nikarudia, kwa sauti yangu ya kawaida, ya chini, ambayo haikuniuma popote.

Akageuka, akanitazama machoni. "Hii ndiyo sauti yako?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona ya upole?" Alikuwa hanitanii. "Mimi tangu nifike hapa najua binti yangu ameolewa na mtu mkali. Kila asubuhi unanifokea. Nikawa nakuuliza hiki, nakuuliza kile, nione kama leo hasira imepoa."

Nikamwinamia, nikamwambia sikioni, "Sijawahi kukufokea, mama. Nilikuwa natafuta unisikie."

Alinitazama sana. Akashusha pumzi, akaufuta mkono wangu mafuta ya ini kwa pindo la kanga yake.

"Basi tumechoshana bure," akasema.